Shavu Lisilo na Kifungo

Sehemu ya Sita

Kama ulinisoma wiki jana, uliniacha nimelala chali kwenye kitanda cha kliniki ya ngozi, macho nimeyafumba, harufu ya ngozi yangu mwenyewe ikiungua inanipanda puani. Kama hukunisoma, hujapitwa na mengi. Nilizaliwa na alama kwenye shavu la kushoto, nyeusi, ya mviringo, iliyoinuka kiasi cha kushikika kwa vidole. Nikaenda kuiondoa. Balaa lote ninalokusimulia limetoka hapo.

Baba alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini. Siku niliyozaliwa alinipokea, akaiona ile alama, akacheka mpaka mkunga akamkemea. "Huyu Mungu amemshona akamaliza," alisema, "kisha akamtia kifungo." Tangu siku hiyo naitwa Kifungo. Jina lililo kwenye cheti hata mimi nalisahau mpaka niitwe kwenye ofisi za watu.

Sasa Baba anasahau. Huu ni mwaka wa tatu. Alianza kwa kusahau vipimo vya wateja, akasahau njia ya sokoni, akasahau kwamba Mama alifariki. Kila akiuliza tukawa tunamwambia, naye analia upya kama aliyepokea habari leo, mpaka Shangazi akapiga marufuku. "Mwambieni yuko bafuni," alisema. Mama yuko bafuni mpaka leo.

Kitu kimoja tu hakukisahau. Kila asubuhi nilipompelekea chai alinitazama kwanza kama mgeni. Kisha alinyoosha dole gumba, akaliweka juu ya alama yangu, akabonyeza kidogo.

"Aa, Kifungo. Umeamka?"

Hapo ndipo siku yetu ilipoanza. Anakunywa chai, anakubali kuoga, anakubali kunyolewa ndevu. Bila lile dole gumba kutua mahali pake, hakuna chai wala kuoga, na mlango anaufunga.

Nilijua hayo yote kabla sijaenda kliniki. Nayaandika hapa ili usije ukanitetea.

Sasa Mpiga Picha. Namwita kwa kazi yake kwa sababu jina lake bado linanichoma mdomoni. Alikuja dukani ninakouza vitambaa, anatafuta kitambaa cheusi cha kutundika nyuma ya wateja wake. Akanunua mita nne. Kesho yake akarudi kununua mita nne nyingine, na jino moja la dhahabu ya bandia likicheka, na mimi mjinga nikampimia mita tano.

Mwaka ukapita. Akataka kunioa. Mama yake anaishi mbali, safari ya siku mbili, kwa hiyo alimtumia kwanza picha yangu. Kwenye ile picha alama haikuwepo. Alikuwa ameifuta kwenye kompyuta yake.

"Nimesafisha tu," aliniambia. "Wateja wote nawasafisha. Chunusi, makovu, weusi wa chini ya macho. Hakuna mtu anayetoka kwangu kama alivyoingia."

Kosa langu ni hili: sikukasirika. Niliitazama ile picha nikaipenda kuliko nilivyowahi kujipenda mwenyewe. Nilikuwa nimeitwa Kifungo kwa miaka ishirini na saba, na wasichana wa shule walikuwa wakijifanya wananifungua. Mara ya kwanza nikaona uso ambao mtu angeupita barabarani bila kugeuka.

Kisha mama yake akatuma ujumbe kwamba anakuja kumwona mkwe kwa macho yake. Mpiga Picha akakuna kichwa.

"Mama ameshaizoea picha," akasema. "Sasa ni wewe tu kufanana nayo."

Nikaenda kufanana nayo.

Kwenye benchi la kliniki tulikuwa watano. Mmoja ana chunusi, mmoja ana makovu ya chunusi zilizokwisha, mmoja anashika tumbo lenye michirizi ya uzazi, na mmoja ameota nywele kidevuni, amejitanda mtandio mpaka machoni kama mwizi wa kuku. Kila mmoja alimtazama mwenzake na kujiuliza huyu naye amefuata nini hapa, mbona mzima. Yule mwenye kidevu aliniuliza kwa kunong'ona, "Na wewe unatoa hicho? Mbona kimekukaa?" Nikajifanya sikusikia. Niliitwa, nikalala, mashine ikalia kidogo, na dada wa kliniki akanibandika plasta.

"Siku kumi na mbili," akasema. "Usiibandue, usiloweshe, usikune. Na ikishatoka, usibandike kitu kingine juu ya ngozi changa."

Wiki jana tuliachana kabla tu ya plasta.

Asubuhi ya kwanza nilipompelekea Baba chai, dole gumba lilitua juu ya plasta. Akaniangalia.

"Nini hii?"

"Nimejikwaruza, Baba."

"Kifungo kipo?"

"Kipo, Baba. Kiko chini yake."

"Usikivutevute. Uzi ukilegea kitadondoka." Akabonyeza taratibu, kwa adabu ya mtu anayegusa nguo ya mteja. "Aa, Kifungo. Umeamka?"

Siku kumi na mbili nilimdanganya mzee wangu hivyo. Shangazi alikuwa akisimama mlangoni na beseni la nguo kiunoni, anasikiliza, anasonya. Shangazi ni dada yake Baba, anakaa nasi tangu Mama afariki, na ulimi wake Mungu aliuumba bila breki.

"Hiyo plasta ikitoka utamwambia nini?" aliniuliza.

"Atazoea."

"Atazoea! Mtu hakumbuki kama amekula, wewe unataka azoee uso mpya?" Akatua beseni chini. "Haya. Maji yakimwagika hayazoleki. Labda ukamwombe huyo dada wa kliniki akurudishie kipande chako, tukibandike kwa gundi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Siku ya kumi na tatu niliibandua plasta mbele ya kioo. Sitakudanganya, nilikuwa mzuri. Palikuwa na duara dogo tu lililopauka, ukubwa ule ule wa alama, na dada wa kliniki alisema litafifia. Niligeuza uso huku na huku. Nilijipiga picha nikamtumia Mpiga Picha, akanijibu, "Hapo sasa." Nikaimba jikoni nikichemsha chai.

Baba alikuwa kwenye cherehani yake. Ile cherehani haina uzi wala sindano. Sindano zote za nyumba Shangazi alizikusanya mwaka juzi, siku Baba alipojishona kidole, akazifungia kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Baba anakanyaga pedeli tu, kitambaa kinapita chini ya mguu wa mashine, kinatokea upande wa pili kama kilivyoingia, naye anaridhika.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Dole gumba likaja. Likatua, likateleza. Likarudi. Likatafuta karibu na pua, likatafuta karibu na sikio, likapanda, likashuka. Akaushusha mkono.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi, Baba. Kifungo."

"Kifungo ana kifungo." Aliniambia kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mpita njia. "Dada, umepotea nyumba."

"Baba, sikiliza sauti yangu."

"Sauti unayo kama yake." Akarudisha kiti nyuma. Macho yake yakabadilika, nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona kwa baba yangu akinitazama mimi. Aliniogopa. "Umemfanya nini mwanangu?"

Chai ilipoa. Chakula cha mchana kikapoa. Alikaa kwenye kile kiti anauliza kila anayepita, "Kifungo hajarudi?" Na aliyekuwa akipita ni mimi, mara ya ishirini.

Alasiri Shangazi alikuja chumbani kwangu. Nilijiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Alinikabidhi plasta mpya, akasema neno moja tu.

"Bandika."

Nikabandika plasta juu ya shavu zima lisilo na kidonda. Nikaenda kwa Baba na chai ya pili. Dole gumba likatua.

"Aa, Kifungo. Ulikuwa wapi siku nzima?" Akanywa chai yote, na machozi yakamtoka akiwa bado anakunywa.

Basi nikawa mtu wa nyuso mbili. Nyumbani plasta, dukani shavu tupu. Nilikuwa nabandua kwenye kizingiti nikitoka na kubandika kwenye kizingiti nikirudi. Majirani wakaanza kuulizana kama nyumbani kwetu kuna mtu anayepiga. Gundi ikaanza kunichubua, lile duara likawa jekundu pembeni, nikawa nalipaka poda kabla ya kuonana na Mpiga Picha. Angalia nilipofika. Nilitoa alama ili nisifiche kitu usoni, sasa naficha asubuhi na jioni.

Nilimwambia Mpiga Picha. Nilimwambia kila kitu, nikilia, kwenye ngazi za studio yake.

"Sasa mama anakuja keshokutwa," akasema, "na wewe unataka kumpokea na plasta? Atadhani nimekupiga."

"Baba hatanijua."

"Mweke chumbani. Mwambieni anaumwa."

Hilo nalo halikuwezekana. Mama yake alikuwa ameshatoa sharti lake moja kabla hajapanda gari. Alisema hataki maneno ya wajumbe wala ya mashangazi. Anataka kusikia kwa mdomo wa mzazi aliyemlea huyu binti, huyu ni mwanangu, nimekubali. Neno moja la Baba ndilo lingenipa ndoa au kuninyima.

Kwa hiyo tukapanga njama, mimi na Shangazi. Asubuhi nitaingia kwa Baba na plasta, anitambue. Nitamvalisha, nitamshika mkono, nitaendelea kuongea naye ili asinipoteze. Kwenye korido nitaibandua plasta. Nitaketi kushoto kwake, ili upande wake aone shavu la kulia, ambalo halijawahi kuwa na kitu. Aseme neno lake, arudi chumbani, plasta irudi.

"Njia ya mwongo ni fupi," Shangazi alisema. "Lakini korido yetu nayo ni fupi. Tujaribu."

Siku ikafika. Baba alinitambua. Nikamnyoa ndevu, nikamtolea koti lake la kijivu alilojishonea enzi zake, la kupokelea wateja wakubwa. Lilikuwa limekaa sandukuni miaka mitatu, linanuka dawa ya nondo. Alipoingiza mikono alinyooka mgongo. Akapapasa ukosi kwa ndani, polepole, akatabasamu. Nilidhani anafurahia kazi ya mikono yake.

"Nani anakuja?"

"Wageni, Baba. Wamekuja kuniposa."

"Wewe?" Akaweka dole gumba juu ya plasta. "Basi wamejua kuchagua."

Kwenye korido niliibandua. Iliniuma kuliko siku zote.

Mama wa Mpiga Picha alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kukwaruza, amejitanda mtandio mpaka chini ya kidevu japo jua lilikuwa kali. Nikapiga magoti kumsalimu. Alinishika mabega akanitazama mpaka nikaanza kutokwa jasho.

"Ndiye?" akamuuliza mwanawe.

"Ndiye, Mama."

"Picha ilikuwa nzuri. Lakini huyu ana uhai." Akanibusu kwenye paji la uso. Nikampenda hapo hapo, na Mpiga Picha nyuma yake akanikonyeza, na kwa dakika ile moja niliamini kwamba mambo yangu yatanyooka.

Tukaketi, mimi kushoto kwa Baba, shavu la kulia kwake. Shangazi alitazama sakafu. Mama yule hakuzunguka.

"Kaka, mimi sina maneno mengi. Kijana wangu amempenda binti yako. Nimesafiri siku mbili nije nikusikie wewe. Huyu aliyeketi hapa ndiye mwanao?"

Baba alikuwa fundi. Ukimuuliza fundi kama nguo ni yake, hakujibu bila kuigeuza. Akanishika kidevu, kwa vidole viwili, akaugeuza uso wangu upande wake. Dole gumba likaja.

Sikumzuia. Ningeweza kuinuka, ningeweza kusema naleta maji. Nilikaa tu.

"Huyu simjui," Baba akasema.

Akaniachia kidevu.

"Mwanangu ana kifungo. Hapa." Akajigusa shavu lake mwenyewe. "Ameingia na mimi sasa hivi, nilikuwa nimemshika mkono. Wamembadilisha njiani." Akamgeukia yule mama, sauti imeanza kukatika. "Mama, wewe una umri wa kuelewa. Nisaidie. Waambie wanirudishie mwanangu."

Mpiga Picha akacheka kicheko kikavu. "Mama, nilikuambia mzee akili zimemruka kidogo."

"Hazijamruka!" Shangazi akapaza sauti. Aliinuka, akanyofoa ukutani picha yangu ya shule, nikiwa na miaka kumi na mitatu, sare, nywele fupi, na alama yangu katikati ya shavu. Akamwekea mgeni mapajani. "Haya. Tazama mwenyewe kama kaka yangu ni mwendawazimu."

Mama yule alitazama picha. Akanitazama mimi.

"Hii iko wapi?"

"Niliitoa, Mama."

"Ilikuwa inakuuma?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini?"

Nilimtazama Mpiga Picha. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Niliambiwa wewe umeshaizoea picha," nikasema. "Kwamba nifanane nayo."

"Mimi?" Akamtazama mwanawe. Kisha akaanza kuufungua ule mtandio, mzunguko mmoja, mzunguko wa pili, akauweka mapajani juu ya picha yangu. Shingo yake ilikuwa na mabaka meupe, kutoka chini ya sikio mpaka kwenye mtulinga, makubwa kwa madogo. Mbalanga.

"Ninayo tangu nikiwa na mimba ya huyu," akasema, akimwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Kila mwaka ananipiga picha. Amenijazia ukuta mzima. Kwenye zote sina baka hata moja. Nilidhani ni taa za studio." Akakunja pindo la mtandio. "Miaka yote hiyo nilidhani ni taa."

"Mama, nilikuwa nakusafisha tu."

"Mimi si mchafu."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa nafuu angesema kwa ukali. Mpiga Picha akageukia mlango. Nikamwona jinsi alivyo, mtu mzima mwenye kamera, ambaye hajawahi kumtazama mtu yeyote anayempenda bila kutafuta cha kufuta. Na nilikuwa nimemsaidia. Mama yake alifutwa bila kuulizwa, mimi nilijipeleka kwa miguu yangu.

Mama yule akajitanda upya. Akapiga goti mbele ya Baba, umri wake ule, akamshika mikono.

"Kaka, nisamehe. Nimekuja kuomba mtoto, nimekuta tumeshakuibia." Akanigeukia. "Wewe ungekuwa mkwe wangu na nusu. Lakini siwezi kuposa binti ambaye baba yake hamjui, tena kwa sababu yetu. Siku akikujua, niite. Nitakuja hata kwa kutambaa."

Akatoka. Shangazi akamfuata kumsindikiza mpaka barabarani, hata hasira haikumsahaulisha adabu.

Mpiga Picha alibaki mlangoni. Nilingoja aseme samahani. Ningemsamehe, na hilo nalo liandikwe, kwa sababu nilimpenda, na mpaka naandika hapa sijapona.

Alinitazama shavu.

"Si ungebaki na plasta tu," akasema. Akaenda zake.

Nililia nikiwa nimesimama. Nililia ndoa, nililia mwaka wangu, nililia kile kipande cha ngozi kilichotupwa kwenye ndoo ya kliniki pamoja na pamba za watu. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu hakungoja hata kuzaliwa mtoto.

Kisha nikakumbuka kwamba sikuwa peke yangu sebuleni.

Baba alikuwa bado ameketi, ndani ya koti lake, mikono magotini, anangoja kurudishiwa mwanawe. Nikakimbilia korido, nikaokota ile plasta niliyoibandua. Ilikuwa imekunjamana, gundi imeshika vumbi. Nikaibandika hivyo hivyo, nikaishikilia kwa vidole, nikarudi nikapiga magoti mbele yake.

"Baba. Ni mimi. Kifungo."

Hakunyoosha dole gumba. Alinyoosha vidole viwili, akashika pembe ya plasta, akaivuta. Ilitoka bila hata kushika.

"Mnanichezea," akasema.

Nikainamisha kichwa. Nilijua ataniuliza mimi ni nani.

Lakini hakuuliza. Akanishika kidevu, akaniinua uso, akanigeuzia dirishani kwenye mwanga. Akakunja macho. Nilihisi pumzi yake shavuni. Akapitisha ukucha kuzunguka lile duara lililopauka, polepole, mzunguko mzima.

"Hapa palikuwa na kifungo," akasema.

Nikashika mguu wa kiti chake.

"Kitambaa hakidanganyi. Kifungo kikikaa mahali miaka mingi kikitoka kinaacha duara. Nguo yote inachujuka, pale chini yake hapachujuki." Akalibonyeza duara kwa dole gumba. Safari hii halikuteleza. "Hii ni kazi ninayoijua. Hii si nguo ya mtu mwingine."

Akanitazama machoni. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, bila plasta, bila hila, baba yangu alinitazama mimi.

"Kifungo. Mwanangu. Kimekutoka?"

"Kimenitoka, Baba."

"Mbona hukusema? Ulikuwa unaogopa nitakugombeza?"

Nililala kifua juu ya magoti yake nikalia kama mtoto wa chekechea, naye ananipigapiga mgongo, ananiambia nyamaza, ni kitu kidogo, vifungo hudondoka, ndiyo maana mafundi wapo. Nilimsikia akivuta kitu. Uzi ulikatika, tak. Nikainua kichwa. Alikuwa amenyofoa kifungo cha koti lake, cheusi, cha mviringo, na amekishika kwenye kiganja anakilinganisha na shavu langu.

"Saizi ile ile," akasema, amefurahi.

Kisha akaugeuza ukosi wa koti. Shangazi alikusanya sindano zote za nyumba hii, kwenye makopo, kwenye mito, kwenye nyufa za meza. Ila koti lilikuwa sandukuni. Na mimi, mtoto wa fundi, niliyekulia chini ya cherehani, nilisahau kwamba fundi hachomeki sindano yake ya akiba mahali pengine ila chini ya ukosi.

Ilikuwepo. Ina uzi tayari, mweusi, umefungwa fundo mwishoni. Miaka mitatu ilikuwa inamngoja.

"Njoo kwenye mwanga," Baba akasema. "Usiogope. Mkono wangu ni mwepesi."

"Baba..."

"Wewe ni Kifungo au si Kifungo?"

Aliniuliza bila ubaya. Sindano ilikuwa imenyooka kati ya vidole vyake, vidole vya miaka arobaini, na macho yake yalikuwa yananijua. Nikisema hapana, nitakuwa tena yule dada aliyepotea nyumba. Nikisema ndiyo, nilikuwa naona vizuri kabisa ncha ilipoelekea.

Nje nikasikia lango la bati likifunguliwa, na ndara za Shangazi kwenye changarawe. Hatua kumi, labda kumi na mbili, mpaka mlangoni.

"Ni mimi, Baba," nikasema.

Nikafumba macho, kama nilivyofumba kule kliniki, nikamsogezea shavu.